Taa za Mzee

Nilikuwa kwetu Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambako Mzee anamalizia nyumba aliyoianza kwa fedha za kahawa. Mimi nilijitwisha gharama za waya na taa. Mshahara wa mwandishi mnaujua.

Sasa, kabla ya safari nilitumwa kuripoti semina moja Dar kuhusu majengo ya kijani. Kumbe kuna vyeti vyake! Kile cha Wamarekani, LEED, kina alama 110. Ukipata 40 umefaulu, 80 ni platinamu. Katika toleo la nne, lililotoka 2013, jengo jipya liliweza kuzoa hadi alama 18 kwa kubana matumizi ya nishati tu. EDGE ya IFC, ndugu wa Benki ya Dunia, inataka upunguze angalau asilimia 20 ya nishati, maji, na kaboni inayotokana na vifaa vya ujenzi. Niliandika, mhariri akaibana kuwa aya nne ukurasa wa ndani, nikasahau.

Nilikumbuka fundi umeme aliponionyesha mchoro wake. Sebuleni taa nane, swichi moja! Ukitaka kusoma barua kwenye kochi, zinawaka zote nane. Nje, taa mbili za halojeni, wati 500 kila moja, usiku kucha. Nikatoa kalamu. Kilowati moja kwa saa 12 ni uniti 12. Kwa mwezi uniti 360, za kumulika migomba!

Mzee hakufurahi. "Umeme tumeungoja miaka yote hiyo, leo umefika unaniambia nikae gizani?"

Hapo aliniweza. Mimi mwenyewe nilisomea koroboi. Kagera kwa miaka mingi iliwashwa kwa umeme wa kununua Uganda. Siku hizi hapo Murongo, kwenye Mto Kagera, kuna mtambo wa megawati 14 ambao tunagawana na Waganda nusu kwa nusu. Mtu aliyengoja hivyo, ukimwambia azime taa anasikia matusi.

Basi habari za cheti sikuzitaja (nani aje Nkwenda kukagua?). Nikaongea lugha ya LUKU. Nikaenda Kayanga, Karagwe, nikarudi na taa mbili za LED za wati 30, zenye sensa, zinawaka mtu akipita. Sebuleni swichi zikawa tatu, na taa za upande wa dirishani zikapewa ya kwao, maana mchana jua linatosha.

Fundi akadai nyongeza ya waya na swichi. Fedha zikaishia njiani, na chumba kilichobaki bila taa ni changu. Halojeni moja Mzee hakukubali irudi dukani. Ameitundika barazani, eti ya siku ya kuhamia.

Juzi usiku akanipigia simu. Mbuzi wa jirani alipita uani, taa ikawaka yenyewe, naye akatoka na panga.