Kutoka Kigoma Hadi Munich

Ndugu msomaji, ukishuka katika stesheni ya Kigoma huna pa kuendelea tena kwa garimoshi. Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914 ikitokea Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zipatazo 1,250, inakomea karibu kabisa na maji. Mbele yako ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake, siku isiyo na ukungu, ni milima ya Kongo. Ndiyo maana wageni wengi huiona Kigoma kuwa mwisho wa safari. Wenyeji hawaioni hivyo hata kidogo. Kwao hapa ni njia panda: Bujumbura iko kaskazini, Kalemie iko ng'ambo, Mpulungu ya Zambia iko kusini, na kila siku kuna mtu anayeingia na mwingine anayeondoka.

Ukifika Ujiji, kilometa zisizozidi 10 kutoka mjini, utaonyeshwa mahali chini ya miembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Nenda ukapaone, lakini usikae sana. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba pwani ya ziwa, ambayo zamani ilikuwa karibu na mahali hapo, leo imesogea mbali, na mgeni hujiuliza Waingereza hao walishukia wapi. Mimi naona ni afadhali utembee katika mitaa ya Ujiji yenyewe, uone uzao wa Wamanyema waliotoka Kongo, wa Waha wenye nchi, wa Warundi, wa Wabembe na wa watu wa pwani waliofuata misafara, wakiishi mlango kwa mlango na wakizungumza Kiswahili ambacho mtu wa Bagamoyo hahitaji kutafsiriwa.

Watu wa hapa wanapenda kandanda kupita kiasi. Ukiketi barazani nao, hawatakawia kukutajia Sunday Manara, yule aliyepewa jina la "Kompyuta", aliyeifungia Yanga bao la ushindi dhidi ya Simba pale Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974, katika muda wa nyongeza, mchezo uliokwisha kwa 2-1. Huyo ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza kabumbu ya kulipwa Ulaya, alipokwenda Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, kisha akavuka hadi Marekani. Kwa kizazi kizima cha wapenda mpira, jina lake lilikuwa na maana ya mchezaji aliyefika mbali.

Lakini leo nataka kukueleza habari za mshambuliaji mwingine, aliyezaliwa katika mkoa huu huu na ambaye hajapata kucheza mpira hata dakika moja katika ardhi yake.

Jina lake ni Nestory Irankunda. Alizaliwa tarehe 9 Februari 2006, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Wazazi wake ni Warundi waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jina Irankunda kwa Kirundi linamtaja Mungu bila kumtamka: "ananipenda". Mha wa Kasulu au Kibondo akilisikia hana haja ya mkalimani, maana lugha hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miezi mitatu hivi, familia yake ilipata nafasi ya kuhamishiwa Australia. Walifikia Perth, kisha wakahamia Adelaide, na huko ndiko alikokulia na kujifunza mpira.

Januari 2022, akiwa na miaka 15 tu, alianza kuichezea Adelaide United katika ligi kuu ya nchi hiyo. Ni mchezaji wa pembeni mwenye mbio, na shuti lake lina nguvu ambayo huitarajii kwa kijana wa umri ule. Novemba 2023 Bayern Munich ya Ujerumani ilitangaza kwamba itamchukua, naye akahamia huko Julai 2024. Tangu hapo njia yake haikuwa nyepesi. Alicheza katika timu ya pili ya Bayern, katika daraja la nne la Ujerumani, na katika timu ya kwanza hakupata mchezo wa mashindano. Januari 2025 aliazimwa kwa Grasshopper ya Zürich, Uswisi. Katikati ya mwaka huo huo akauzwa kwa Watford ya Uingereza. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: kabla hajatimiza miaka 20 alikwisha kuishi katika nchi tano, ukiihesabu na hii yetu.

Tarehe 11 Juni 2024 Australia iliifunga Palestina mabao 5-0, na moja la penalti lilikuwa lake, bao lake la kwanza kwa timu ya taifa. Mchezo ulifanyika Perth, mji ule ule ambao alipelekwa akiwa mtoto wa kubebwa.

Je, ni wetu? Swali hili huzusha ubishi, nami nakiri kwamba jibu langu limebadilika mara mbili. Kwanza niliona fahari, kama mtu aonavyo jina la kijiji chake gazetini. Halafu nikaona haya kidogo, kwani mtoto wa kambini kwetu huhesabiwa mkimbizi kama wazazi wake, na hakuna aliyemtambua kuwa Mtanzania siku alipozaliwa. Tusimdai leo kwa sababu ya miguu yake. Hata hivyo si haki pia kusema kwamba nchi hii haikumpa kitu. Mwalimu Nyerere alitunukiwa tuzo ya Nansen mwaka 1983 kwa namna Tanzania ilivyowapokea wakimbizi, na mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 kati ya waliokuja tangu 1972 na uzao wao walipewa uraia. Mama yake alipata mahali pa kujifungulia, mbali na risasi. Hilo si dogo.

Ukiwa mjini, pita kwenye kiwanja cha Lake Tanganyika. Mwezi Mei 2015, machafuko yalipozuka tena Burundi, maelfu kwa maelfu ya watu walijazana Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikawaingia. Meli ya Liemba, ile ile iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa Kigoma, haikuweza kutia nanga ufukoni. Ikabidi watu wapelekwe kwa mitumbwi, kina mama na watoto mgongoni, ndipo wapandishwe melini. Walipofika Kigoma walipumzishwa katika kiwanja hicho, wakingoja mabasi ya kwenda Nyarugusu.

Miaka sita baadaye, tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walikutana hapo hapo katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba ilishinda 1-0. Mfungaji alikuwa Taddeo Lwanga, Mganda, na mchezaji aliyetolewa kwa kadi nyekundu upande wa Yanga alikuwa Mukoko Tonombe, Mkongo. Watu waliwashangilia na kuwazomea kama watoto wa nyumbani, bila kumwuliza yeyote karatasi zake.

Jioni teremka Kibirizi, mahali mitumbwi ya kwenda kaskazini inapopakia. Ukibahatika kufika siku za mwezi mpevu utawakuta wavuvi wamepumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa wakati mbalamwezi inapowaka. Vipe vimepandishwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na katikati yake vijana wanacheza mpira peku. Mpira ukiingia majini, aliye karibu anaufuata kwa kuogelea, na wengine wanamngoja wakibishana kama ilikuwa kona au la.