Kiangazi Nyumbani kwa Mama

Mwaka 1962, Jamhuri ya Tanganyika ilipozaliwa, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Tangu hapo, aghalabu utamaduni unapotajwa, fikira za watu huenda kwenye ngoma, vinyago na mashairi. Hayo hatuyadharau hata kidogo. Lakini utamaduni hukaa pia mahali pasipopigwa ngoma: barazani, jikoni, kisimani na juu ya mkeka wa kuswalia. Sisi tulilitambua jambo hilo kwa kuchelewa, tena tulipokwenda nyumbani kwa nia ambayo leo tunaionea haya.

Tu watoto wanne wa mama mmoja. Tulikulia Kibaha, kilometa zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, jirani na kituo cha elimu kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa nchi yetu na nchi za Nordiki, zikiwemo Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi, kisha kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Kituo kile kiliweka pamoja shule, matibabu na mafunzo ya kilimo, na kwa hiyo tulifahamu tangu utotoni kwamba kalamu na jembe ni ndugu. Hata hivyo, tulipokua tulishika kalamu, jembe tukalitupa.

Baba alipofariki, mama alirudi Kisarawe kwenye shamba la mikorosho na minazi aliloliacha marehemu. Sisi tulibaki mjini na ada za watoto na madeni yetu. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza safari zake baina ya Dar es Salaam na Morogoro kwa kupitia Pugu na Soga, madalali wa ardhi walitubishia hodi. Bei waliyoitaja ilitutoa usingizi. Januari iliyofuata, mvua za vuli zimekwisha na kaskazi inavuma, tulikwenda sote kwa mama, karatasi za mauziano zikiwa mkobani.

Mama alituona nyusoni. "Wanangu," alisema, "neno la njaa halina baraka. Kaeni siku saba, kisha tutazungumza."

Tulikaa. Siku mbili za kwanza tulikula bada kwa kisamvu cha nazi, wote katika sinia moja, tukalala adhuhuri chini ya mwembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mama hakuusahau usemi huo. Alfajiri ya siku ya tatu, baada ya swala, tulikuta majembe manne yameegemezwa ukutani. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mashimo ya minazi, yawe tayari kabla ya masika.

Mikono ilitutoka malengelenge. Mdogo wetu, ambaye hana simile, aliuliza, "Mama, minazi hii utaila lini nawe umekwishapita miaka sabini?" Mama hakukasirika. "Nazi uliyokuna jana uliipanda wewe?" alimjibu. "Mimi nachimba shimo. Mvua ina mwenyewe."

Jioni hizo tulijifunza kukaa. Hapakuwa na pirikapirika. Palikuwa na chai ya mchaichai, korosho za kukaanga na mazungumzo yasiyo na haraka. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kilutheri, alikuwa haikosi baraza yetu. Walutheri wana mizizi mirefu Kisarawe na Maneromango, kwani wamisionari wa Kijerumani walifika huko katika miaka ya 1890. Mama alipoinuka kwenda kuswali magharibi, mzee yule alikatiza hadithi yake katikati, akangoja kimya, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Hakuna aliyewafundisha adabu hiyo kwa semina.

Kisima kimo ndani ya shamba letu, na kiangazi kile maji yalipungua. Mama aliweka utaratibu: kila nyumba ndoo mbili, wenye wagonjwa kwanza. Sisi tuliozoea bomba tulipanga foleni nyuma ya watoto wa jirani. Siku ya sita yule mzee alitukuta kisimani, akatusalimu, akasema kwa upole, "Habari za shamba tumezisikia. Tunamwomba Mungu awape busara." Hakuongeza neno. Katika hesabu zetu zote kisima hatukukitia.

Siku ya saba mama alitandika mkeka, akasema, "Haya, semeni." Tulitazamana. Hatimaye kaka yetu mkubwa alitamka kwamba tungependa kuchanga fedha za salfa, mikorosho ipulizwe mapema dhidi ya ubwiriunga. Mama aliitikia, "Alhamdulillahi," akaenda kuinjika chai. Karatasi tulirudi nazo Kibaha bila saini.

Madeni yetu hayakufutika, wala hatusemi kwamba umaskini ni utu. Kisarawe, kama wilaya nyingine, inahitaji maji safi, barabara na zahanati. Tunachosema ni kwamba taifa linalojenga reli lisisahau kuketi mkekani. Imani tuliyoikuta kwa mama haikuwa na maneno mengi: ilikuwa shimo lililochimbwa kabla ya mvua, na ndoo mbili kwa kila nyumba.

Masika yalipofika tulikwenda kupanda.