Wosia kwa Wanaobaki Juu

Wanangu wachomeleaji, mafundi wa mikanda na wapanda nguzo wa Kolwezi,

Naondoka kazini. Mzee akiondoka hutarajiwa aache maneno ya subira na kumcha Mungu. Hayo mnayasikia kila Jumapili, na wahubiri wa mtaa wa Manika wananishinda kwa vipaza sauti. Mimi nawausia juu ya kisanduku cha kumdaka anayeanguka: kile kinachoning'inia juu ya kichwa chako, kamba yake ikitoka unaposogea na kujivuta ndani unaporudi.

Nakichagua kwa sababu mmekipokea bila mtu wa kuwaeleza. Zamani kijana alikaa kwanza chini ya fundi mzee, akashika kamba na kutukanwa, ndipo akaruhusiwa kupanda. Mwaka 2003 kampuni ya madini ya Gécamines iliwaaga kwa mkupuo wafanyakazi zaidi ya 10,000, kwa fedha za Benki ya Dunia, na ujuzi mwingi ambao haukuandikwa popote ukaenda nao nyumbani. Kazi ilirudi: mgodi wa Tenke Fungurume ulianza kutoa shaba 2009, ule wa Kamoa-Kakula 2021. Wazee hawakurudi nayo. Leo kijana wa kampuni ya kandarasi anapewa hanesi asubuhi, anatia sahihi karatasi asiyoisoma, na kabla ya chai yuko juu ya tangi la asidi.

Basi jueni kilichomo ndani. Kuna roda iliyozungushiwa kamba ya chuma au utepe, springi inayoivuta, na meno madogo. Ukitembea taratibu, meno yamelala. Roda ikizunguka kwa kasi, meno yanachomoza na kuuma, kama mkanda wa kiti cha gari unavyokukatalia ukiuvuta kwa ghafla. Visanduku vingi huuma kasi ikikaribia mita 1.4 kwa sekunde, na mtu anayeanguka huifikia kasi hiyo akiwa ameshuka sentimita 10 hivi. Hapo breki iliyo ndani inateleza kidogo kwa makusudi, ili mwili usipokee pigo lote kwa mara moja. Kiwango cha Ulaya, EN 360, hakiruhusu pigo lizidi kilonyutoni 6, na kinataka uwe umesimama ndani ya mita 2.

Kwa hiyo kisanduku kinajua kasi, na kasi peke yake. Mengine yote lazima uyajue wewe.

Hili la kwanza ni la kwetu hasa, watu wa mawe. Mnatumwa kuzibua tremi, yaani faneli kubwa ya kumwagia mawe, iliyoziba, au kupanda juu ya rundo la madini, na shefu anasema, "Jifunge tu, uingie." Mawe yakianza kutoka chini, mtu haanguki. Anazama. Miguu, magoti, kiuno, polepole kiasi kwamba meno hayaamki kabisa, na kamba inaendelea kutoka kwa adabu zote mpaka kifua kinabanwa na pumzi inakwisha. Nimewasikia vijana wakibisha juu ya jambo hili, wakisema kamba ni kamba. Someni kitabu cha mtengenezaji yeyote: mchanga, nafaka, madini yaliyolegea, vyote vimekatazwa. Zibueni mkiwa nje, kwa fito ndefu. Ikiwa hakuna budi kuingia, kwanza zimeni mkanda wa kusafirisha mawe ulio chini, kila mmoja aweke kufuli lake na ufunguo ukae mfukoni mwake, kisha mtumie kamba isiyorefuka, yenye mtu wa kuishika juu. Na hata hapo ningeuliza mara mbili kwa nini lazima mtu aingie.

Pili ni pembeni. Kisanduku kimefungwa mita 6 juu ya usawa wa mgongo wako, wewe umevutwa na kazi mpaka mita 4 kando. Ukiteleza hushuki wima, unabembea, na njiani utashuka zaidi ya mita moja hata kabla ya kuhesabu mtelezo wa breki. Nguzo utakayokutana nayo haitakuwa na huruma zaidi ya sakafu. Sogezeni kisanduku kiwe juu yenu. Ni dakika kumi za kulalamika.

Tatu, kisanduku cha kufungia juu msikifunge miguuni. Ukifanya hivyo unajiongezea anguko lote la kutoka mgongoni hadi chini ya nyayo, na ukingo wa bati unaisubiri kamba. Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya ukingo, na kiwango cha Marekani cha 2021 kimevitenga katika daraja lake. Kama kibandiko hakisemi hivyo, chenu si hicho.

Mahali pa kufungia napo. Bomba la maji hapana, reli ya ngazi hapana. Sheria ya Marekani inataka paweze kubeba zaidi ya tani 2 kwa kila mtu. Katika viwanda kama Luilu, ambako mvuke wa asidi umekula vyuma kwa miongo, gongeni boriti kwa nyundo kabla ya kuiamini, maana mkandarasi anajua kupaka rangi juu ya kutu. Utepe wa nailoni msiupeleke karibu na asidi.

Kila asubuhi vuteni kamba kwa ghafla: lazima iume. Iachieni taratibu mkiwa mmeishika: lazima irudi yote. Msiiache iruke peke yake, springi inavunjika. Kiangazi vumbi jekundu linaingia ndani, masika matope, na hapo ndipo inapoanza kusita. Inayosita haipandi. Iliyomdaka mtu hata mara moja haipandi tena mpaka mtengenezaji aifungue. Na wewe unayeibana kamba kwa koleo kwa sababu inakuvuta mgongo: najua inakera. Iache ikere. Visanduku vinavyouzwa mtaani, vilivyotoka kiwandani hamjui kwa njia gani, waachieni wanaoviuza.

Aliyedakwa bado hajaokoka. Anayening'inia kwenye hanesi, damu inakwama miguuni, na dakika chache zinaweza kumharibu. Kabla ya kupanda, semeni kwa sauti nani atamshusha na kwa kifaa gani. Jibu likiwa "tutapiga simu," msipande.

Siwezi kuwaambia kwamba kukataa hakuna gharama. Mtu wa mkataba wa siku anaweza kuambiwa asirudi kesho, na nyumbani kuna karo. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 iko upande wenu, na kila kiwanda kinapaswa kuwa na kamati ya usalama, lakini sheria iko mbali na shefu yuko karibu. Basi msikatae mmoja mmoja. Kataeni kikosi kizima, asubuhi, mbele ya wengine, na ombeni yaandikwe kwenye daftari la zamu. Nimeona sauti zikishuka daftari likifunguliwa.

Katika stoo yetu kuna visanduku viwili nilivyovipaka rangi nyekundu. Msivisafishe wala msivitie mafuta, vinangoja kurudishwa kwa mtengenezaji. Ufunguo wa kabati anao mama wa stoo, naye hampi mtu kifaa kabla hajaona jina lake katika daftari la ukaguzi, hata kama mtu huyo ni shefu mwenye haraka.

Mzee wenu.