Kufungua Si Kufunga: Funzo la Klachi kwa Mwalimu

Vitabu vingi vya ufundi wa magari vina sentensi moja inayorudiwa mwishoni mwa karibu kila sura. Baada ya kueleza kwa urefu jinsi kifaa fulani kinavyofunguliwa, mwandishi humalizia kwa kusema kwamba kukifunga ni kufuata hatua zile zile kinyumenyume. Sentensi hiyo ni fupi, inaokoa karatasi, na wala haimdhuru fundi mzoefu. Lakini kwa mwanafunzi ni mtego. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mtego huo umo pia katika madarasa yetu, na kwamba walimu wengi, hasa wanaoanza kazi, hunaswa nao bila kujua. Mfano wetu tutauchukua katika kazi ya kubadilisha klachi ya gari la zamani, kazi tuliyoifanya nyumbani kwa siku mbili.

Gari na ugonjwa wake

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, la aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na mwaka 1985. Lilikuwa limeanza kupoteza nguvu. Kwenye mlima injini ilinguruma huku gari likijikokota, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Dereva yeyote angejua kwamba klachi imekwisha. Majuma ya mazoezi ya kufundisha yalikuwa yanakaribia, na shule tulizopangiwa kukagua ziko mbali na njia ya mabasi. Kwa hiyo kazi ilikuwa haina budi kufanyika.

Kwa faida ya wasomaji wasiozoea mambo haya, yafaa tueleze kwa kifupi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, ambalo huzunguka muda wote injini inapowaka. Juu yake hukaa klachi pleti, sahani nyembamba yenye upana wa sentimita 24 hivi kwa gari hili. Nyuma ya pleti kuna presha pleti, ambayo kwa nguvu ya springi yake huibana ile sahani kwenye flaiwili. Katikati ya sahani pana tundu lenye meno, na shafti ya giaboksi hupenya humo. Pleti ikibanwa, mzunguko wa injini huenda kwenye giaboksi na hatimaye kwenye magurudumu. Dereva akikanyaga pedali, rilizi beringi husukuma springi, pleti huachiwa, nayo injini huzunguka peke yake. Pleti ikilika, haishikwi tena sawasawa. Huteleza, hupata moto na kunuka.

Jambo moja zaidi lakumbukwe, kwa sababu ndilo kiini cha makala haya. Ncha ya shafti ya giaboksi haiishii kwenye pleti. Hupita tundu la pleti, ikaenda kukaa ndani ya bushi ndogo iliyo kwenye kitako cha mhimili wa injini, ambao mafundi huuita krenki.

Siku ya kufungua

Tulikuwa watatu. Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya ufundi wa magari miaka mingi kabla ya kustaafu. Wa pili alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili aliyeomba mwenyewe kushiriki, kwa kuwa alitaka kujifunza. Tulimpa daftari, tukamwambia aandike kila hatua kwa namba, na kila boliti iingie katika kopo lenye namba ya hatua yake. Kijana huyo ni nadhifu wa kazi, na daftari lake lilipendeza kulitazama.

Magurudumu yalizuiwa kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Hili si jambo la kupuuzwa. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Propela shafti ya nyuma ikishafunguliwa, breki hiyo haizuii kitu, na aliye chini ya gari yumo hatarini. Kisha waya wa betri ulitolewa. Yakafuata mabamba ya sakafu, kifuniko kinachofunika giaboksi, na sanduku zima la viti, maana katika Land Rover za namna hii giaboksi huweza kutolewa kwa juu, kupitia ndani ya gari. Boliti zilizoshika kutu zilikuwa zimemwagiwa mafuta ya taa usiku uliotangulia.

Propela shafti zote mbili zilifunguliwa. Silinda ndogo ya klachi iliwekwa kando bila kukata bomba lake, ili hewa isiingie. Injini ikaegemezwa kwa jeki upande wa nyuma, kwa sababu giaboksi ikitoka injini hukosa kiegemeo huko. Tulipitisha boriti ya mti kutoka mlango hadi mlango, tukafunga giaboksi kwa mnyororo, na ilipovutwa nyuma ilichomoka bila ubishi. Presha pleti ilifunguliwa, na sahani iliyolika ikaanguka mkononi mwa kijana. Vumbi lake hatukulipuliza. Bitana za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo ikivutwa huharibu mapafu; kwa hiyo vumbi lilifutwa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kikafungwa katika mfuko na kutupwa.

Jua lilipotua daftari lilikuwa na hatua 27. Kijana alisema kwamba kesho itakuwa kazi ya saa mbili, kwani kilichobaki ni kusoma kutoka 27 kurudi hadi 1.

Siku ya kufunga

Asubuhi alianza hatua ya 27, akaweka rilizi beringi mpya. Hatua ya 26, akaweka pleti mpya kwenye flaiwili, upande sahihi kama alivyokuwa ameuandika. Hatua ya 25, akakaza boliti za presha pleti mojamoja kwa mkato, kidogo kidogo, ili isikae upande. Hatua ya 24 ilisema: "Giaboksi imevutwa nyuma." Kwa hiyo tuliisukuma mbele.

Haikuingia. Tuliinua kidogo, tukashusha kidogo. Kijana aliingiza gia na kuzungusha ngoma ya breki iliyo nyuma ya giaboksi, ili meno ya shafti yapate njia kwenye meno ya pleti. Hilo ni jambo jema, naye alikuwa amelisikia kwa mzee. Meno yaliingia, lakini kilibaki kiasi cha upana wa vidole viwili, na hapo giaboksi ikagoma. Saa nzima ilipita. Hatimaye kijana alipendekeza zitafutwe boliti ndefu, zikazwe pande zote, ziivute giaboksi kwa nguvu mpaka ifike. Mzee alikataa.

"Boliti kazi yake kushikilia, mwanangu, si kuvuta. Ukivuta, utapasua kitu."

Akaketi juu ya ndoo, akasema: "Hebu nisomee hapo ulipoandika namna ya kuiweka pleti katikati."

Kijana alipekua daftari. Akasoma hatua ya 27, ya 26, ya 25. Akarudia tena.

"Haipo, Mzee. Wakati wa kufungua hatukuiweka popote. Ilitoka tu."

"Basi," alisema mzee.

Presha pleti inapokuwa haijakazwa, ile sahani haina mahali pake. Huning'inia popote, na boliti zikikazwa hubanwa pale pale ilipokuwa. Ikiwa imepotoka kwa milimita chache tu, shafti itapita kwenye tundu lake, lakini ncha haitaiona bushi ya krenki. Wakati wa kuchomoa, haya yote hayajitokezi, kwa kuwa shafti iliyo mahali pake hutoka yenyewe. Hatua ya kuweka pleti katikati ipo katika kufunga peke yake. Haina mwenzake katika kufungua, na kwa hiyo haikuweza kuandikwa na mtu aliyekuwa akiandika kufungua, hata angekuwa makini namna gani.

Dawa yake ilikuwa mpini wa fagio. Kijana aliuchonga kwa kisu hadi ncha yake ikakaa vizuri kwenye bushi, kisha akauzungushia utepe mahali panapopita kwenye pleti mpaka ukaenea tundu. Presha pleti ililegezwa, mti ukaingizwa, pleti ikajiweka katikati, boliti zikakazwa, mti ukachomolewa. Giaboksi ilipoletwa safari hii iliingia hadi mwisho kwa kusukumwa kwa mikono. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Darasa la pili

Msomaji atauliza mambo haya yanahusu nini ufundishaji. Muhula uliotangulia tulimkagua kijana huyu huyu akifundisha kusoma katika darasa la pili. Andalio lake lilikuwa na sehemu zote. Aliwapa watoto neno "kalamu", wakalikata kwa makofi: ka, la, mu. Wakakata "kitabu", wakakata "dirisha". Walikata vizuri sana, na darasa lilikuwa changamfu. Kisha akaandika ubaoni neno ambalo hawakulisoma kabla, "salama", akawataka walisome. Watoto walisema sa, wakasema la, wakasema ma, wakanyamaza. Mmoja alijaribu, akasema "lama". Mwalimu aliwataka waseme kwa sauti kubwa zaidi. Wakasema sa, la, ma, kwa sauti kubwa zaidi. Katika tathmini yake aliandika kwamba wengi wa watoto wale ni wazito.

Sasa yafaa tutazame somo lile kama tulivyoitazama klachi. Kulikata neno unalolijua ni kufungua: neno liko kamili kichwani mwa mtoto, naye analitoa vipande. Kuunganisha silabi kuwa neno ambalo hujaliona ni kufunga. Ndani yake kuna kazi ambayo haimo katika kukata: kuishika silabi ya kwanza kichwani wakati unaisoma ya pili, kuiacha sauti itiririke bila kukatika, na kusikiliza kama sauti hizo zikikutana zinafanana na neno unalolifahamu. Kazi hiyo haikufundishwa, kwa kuwa andalio liliandikwa kutoka upande wa kukata.

Mifano mingine haiko mbali. Mwanafunzi anayejua kuzidisha 23 kwa 7 akapata 161 hajajua kwa hilo ni namba zipi zikizidishwa hutoa 161. Hapo hana budi kujaribu, kukataa na kujaribu tena. Mwanafunzi anayechanganua sentensi akaonyesha kiima na kiarifu bila kosa huweza kukaa mbele ya karatasi ya insha nusu saa asiandike aya moja. Hata sisi wakufunzi huwafundisha wanachuo kuchambua somo lililofundishwa na mwingine, kisha tukashangaa wanaposhindwa kulijenga la kwao.

Tuyafanyeje?

Kwanza, mwalimu anapoandaa somo lenye kujenga kitu, aanze kwa kukijenga yeye mwenyewe, polepole, kama asiyejua, huku akiandika kila anachofanya. Kisha alinganishe na hatua za kuchambua. Hatua itakayokosa mwenzake ndiyo ya kufundishwa kwa uangalifu zaidi, maana ndiyo ambayo mwanafunzi hawezi kuigundua kwa kurudi nyuma.

Pili, hatua hiyo itengenezewe mti wake wa kuchonga, yaani msaada wa muda. Katika kusoma, mwalimu aanze na maneno ya silabi mbili. Apitishe kidole chini ya neno bila kukiinua, na watoto waivute silabi ya kwanza mpaka ikutane na ya pili. Silabi ya tatu ije baadaye. Lakini mti hauachwi ndani ya klachi. Kidole nacho kiondolewe mara mtoto anapoweza.

Tatu, tusivute kwa boliti. Darasa likigoma, mwalimu huvutwa na tamaa ya kuongeza nguvu: sauti kubwa, kurudia mara ishirini, jaribio la ghafla, hata fimbo. Kugoma huko mara nyingi ni habari. Kunatuambia kwamba kitu fulani kimekaa upande, na nguvu haikiweki katikati, huweza kupasua.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka kazi na masomo visitengane. Mara nyingi tumeuelewa kuwa wito wa shamba la shule, na shamba lina thamani yake. Lakini kazi ya mikono ina faida nyingine kwa mwalimu: chuma hakimwonei mtu haya. Mtoto asiyeelewa huweza kukubali kwa kichwa ili kumridhisha mwalimu. Giaboksi haikubali kwa kichwa.

Tulipokuwa tukinawa mikono jioni ile, kijana alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Mkufunzi, wale watoto hawakuwa wazito." Hatukumjibu, kwa kuwa halikuwa swali. Katika mazoezi yaliyofuata alifundisha tena kuunganisha silabi, kwa kidole na kwa maneno mafupi. Baadhi ya watoto walisoma neno jipya siku ile ile. Wengine hawakusoma bado, na katika tathmini yake aliandika hatua gani iliwashinda, badala ya kuandika wao ni watoto wa namna gani. Tofauti hiyo si ndogo. Mtoto akishaandikwa kuwa mzito, maandishi hayo humfuata darasa hadi darasa, na kila mwalimu anayeyasoma hupata udhuru wa kutomtafutia mti.

Kwa hiyo tunawaomba wakufunzi wenzetu, wanapokagua somo lililoshindikana, wasianze kwa kuhesabu sehemu za andalio. Wamwombe mwanachuo alifungue, kisha wamwambie awasomee hapo alipoandika namna vipande vinavyokutana.