Kalafati ya Mashua ya Mjomba

Malenga wetu wamelitwika jahazi mizigo mingi: taifa, ndoa, chama, hata uchaguzi. Nahodha husifiwa, mawimbi hulaaniwa. Fundi mwenye nyundo na pamba simwoni katika beti hizo. Mimi mzaliwa wa Tarime, mbali na bahari, nimemfahamu kwa sababu ya mashua moja.

Mjomba alipofariki aliacha mashua yake ya tanga ufukweni Shirati, eneo lililokuwa ndani ya Wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipomegwa mwaka 2007. Miaka miwili ya jua iliikausha. Mbao zilisinyaa, maungio yakaachama hata ukichungulia ndani unauona mchanga wa chini. Ndugu walitaka iuzwe kuni. Mama alikataa, akisema kwamba kaka yake alisomesha watoto saba kwa chombo kile, nami nikiwamo. Gharama ikaniangukia.

Pwani, fundi hungoja maji yapwe, akafanya kazi chini ya chombo kabla hayajajaa tena. Ziwani hakuna maji kupwa kiasi hicho. Tuliivuta mashua juu ya magogo, watu kumi na wawili, tukailaza ubavu. Fundi, mzee aliyeniita "Mwalimu" kila alipotaka kunifundisha, alianzia kwenye mkuku, akapanda taruma kwa taruma, akigonga na kusikiliza. Mbao mbili zililia kama kibuyu kitupu, zikang'olewa.

Pamba ilitoka Serengeti, shambani kwa wakwe zangu. Tuliichambua mbegu, tukaisokota nyuzi nene, tukaichovya mafuta, naye akaishindilia katika maungio kwa patasi butu. Nilimwuliza mbona hakazi zaidi.

"Mwalimu, mbao zitakunywa maji. Ukiziba nafasi yote leo, kesho zitavimbia wapi?"

Kazi hiyo aliiita kalafati, vilevile kama waitavyo watu wa Pwani. Neno hilo lina jamaa zake katika Kiarabu, Kireno na Kiitaliano. Limepita bandari nyingi kabla ya kupanda hadi ziwani kwetu. Mwenzake hakufika. Nilipomtajia sifa, yale mafuta ya papa yapakwayo vyombo baharini, mzee alidhani namwomba ajisifu, akajisifu kweli, kwa kirefu.

Tuliishusha mashua jioni. Usiku ule maji yaliingia hadi magotini, na ndugu mmoja akanipigia simu kunipa pole ya fedha zangu. Fundi akakataza isitolewe majini. Siku ya tatu tuliyafua maji kwa ndoo, tukakaa kungoja. Alasiri, Mama alipanda chomboni, akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao. Kilitoka na unyevu tu. Akajifuta kwenye khanga, akauliza tanga tumeliweka wapi.