Kwa Nini Nampenda Virgil Fox

Wenzangu wa chama cha muziki wamezoea kunicheka kila nilitajapo jina la Virgil Fox, na mwalimu wetu, ambaye namheshimu sana, hunitazama juu ya miwani yake kama mtu aliyesikia sarufi mbovu. Kwa hiyo naona heri niandike katika gazeti letu yale ambayo sipati nafasi ya kuyasema mpaka mwisho.

Fox alikuwa Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Princeton, jimbo la Illinois, akafa mwaka 1980. Tangu 1946 hata 1965 alipiga kinanda katika Riverside Church, New York. Kinanda ninachosema si hiki chetu kidogo cha umeme. Ni kinanda cha mabomba: hewa hupulizwa katika mabomba ya madini na ya mbao, mengine marefu yapata futi 32, mengine madogo kuliko kalamu, na mpigaji hutumia mikono na miguu pia. La ajabu ni kwamba hata ukibonyeza kwa nguvu au polepole, bomba hutoa sauti ile ile. Atakaye sauti nyingine hana budi kuvuta vishikio vya kufungulia safu nyingine ya mabomba. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Johann Sebastian Bach, yule Mjerumani aliyefariki mwaka 1750, alitunga fugi nyingi, yaani nyimbo ambazo sauti moja hutangulia peke yake, ya pili ikaingia kwa maneno yale yale, kisha ya tatu, mpaka zote zikawa zasema kwa pamoja bila kugombana. Siku zile watu ndio waliosukuma mivukuto ya kutia hewa, na kuvuta vishikio katikati ya wimbo mara nyingi kulitaka msaidizi. Basi wataalamu wengi wasema fugi ipigwe kwa sauti moja tangu mwanzo hata mwisho. Fox hakujali. Alibadili sauti mara nyingi ndani ya kipande kimoja, akakuza, akapunguza, na miguu yake ilikwenda mbio kama ya mshona cherehani mwenye haraka. Tena alivaa joho lenye bitana nyekundu, na kuzungumza na watu kabla ya kupiga. Tarehe 1 Desemba 1970 alimpeleka Bach katika Fillmore East, ukumbi wa New York ambamo vijana walizoea kusikia muziki wa roki, na taa za rangi zilicheza nyuma yake. Wakosoaji walisema amemgeuza Bach kuwa sarakasi.

Mwalimu wetu humpenda E. Power Biggs, aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Marekani, ambaye alipiga Bach juu ya vinanda vilivyojengwa kwa namna ya kale. Nami nimemsikiliza. Ni safi kama maji ya mtungi, wala sina neno baya juu yake. Lakini nikimsikiliza Biggs naielewa fugi; nikimsikiliza Fox nataka kujua itakuwaje! Kila sauti iingiapo huwa na rangi yake, nami, ambaye sikulelewa karibu na kinanda cha namna hiyo, naweza kuifuata kama nimfuatavyo mtu mwenye kanzu nyeupe sokoni.

Joho silitetei. Joho halisikiki katika sanduku la sauti la maabara ya kompyuta, ambako ndiko tunakosikilizia.

Nataka kuuliza jambo moja tu. Mwaka 1706, Bach alipokuwa kijana wa miaka 20, wakubwa wa kanisa mjini Arnstadt walimwita wakamkemea kwa kutia mapambo ya ajabu na sauti ngeni katika nyimbo, hata waumini wakapotea. Na mwanawe, Carl Philipp Emanuel, alieleza baadaye kwamba wapiga kinanda wengine waliogopa walipoona jinsi baba yake alivyochagua vishikio, wakidhani sauti itaharibika, kisha wakastaajabu. Zaidi ya hayo, Bach mara chache sana aliandika katika karatasi zake ni vishikio gani vivutwe. Sasa hiyo sauti moja ya tangu mwanzo hata mwisho, nani aliyeiamuru? Mwalimu hujibu kuwa uhuru wa Bach haukuwa ruhusa kwa kila mtu, na jibu hilo ni zito. Mpaka leo sijalivunja.

Muhula huu nimepewa kupiga fugi fupi siku ya wazazi. Niliomba nibadili sauti mara mbili: mara moja wimbo unapotulia katikati, na mara moja sauti ya chini inaporudi mwishoni. Tulibishana siku tatu. Mwalimu amekubali kwa sharti kwamba mikono yangu isiondoke kazini hata kidogo, na vitufe vibonyezwe na mwanafunzi wa kidato cha pili atakayesimama kando yangu, kama walivyofanya wasaidizi kule Ujerumani. Mvulana huyo amekwisha anza mazoezi, na bado hubonyeza mapema mno.