Msimcheke Mtoto Anayesoma

Wengi wenu mnalijua ziwa letu la Tanganyika. Upande huu, Uvira, Baraka na Kalemie, mtoto wa shule hupambana na kitabu cha Kifaransa. Upande wa pili, katika mkoa wa Kigoma huko Tanzania, hupambana na kitabu cha Kiingereza. Maji ni yale yale, dagaa ni wale wale, na hofu ya mtoto mbele ya kitabu ni ile ile. Sisi tumeiona pande zote mbili. Leo tunataka kuwaeleza tuliyoyaona, pamoja na kosa letu wenyewe.

Sisi ni watu wa Uvira. Miaka kadhaa iliyopita tulikaa kwa shemeji yetu katika kijiji kimoja cha wavuvi, kusini mwa mji wa Kigoma. Pale shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja tu kwa madarasa mengi. Aliposikia ya kuwa tunajua Kiingereza kidogo, alituomba tuwasaidie watoto wa darasa la sita kusoma, saa za jioni. Tulikubali kwa furaha. Tulidhani ni kazi nyepesi.

Kwanza muelewe desturi ya shule za huko. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine. Lakini mtoto akifaulu na kuingia sekondari, mambo yanageuka mara moja: historia, jiografia, hesabu, biolojia, yote kwa Kiingereza. Ni kama mtu aliyezoea kutembea nchi kavu, kisha siku moja anaambiwa: Haya, ogelea!

Jioni ya kwanza tuliwapa kitabu cha hadithi cha Kiswahili. Waligombania zamu ya kusoma, hata wengine wakasukumana. Kisha tukatoa kitabu cha Kiingereza. Kimya! Mmoja akasema tumbo linamwuma. Mwingine akaomba ruhusa aende kuanua dagaa. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto wanne, na kila mmoja alikuwa radhi kumsukumia mwenzake.

Je, walikuwa wavivu? Hata kidogo. Hao ndio watoto waliochota maji alfajiri na kutandaza dagaa kabla ya kwenda shule. Tuliwauliza sababu, nao wakajibu bila kuficha. Mmoja alisema: “Kiingereza ni cha mwalimu. Akiondoka, kinaondoka naye.” Mwingine akasema: “Nikisoma nyumbani, nani atajua kama nimekosea?” Mvulana mmoja mkubwa akasema: “Baba anavua samaki bila Kiingereza.” Lakini msidhani walikichukia. Wavulana wale wale walipenda kuandika maneno ya Kiingereza kwa mkaa kwenye mbao za mitumbwi. Walikitamani, na papo hapo walikiogopa.

Tena kuna ugumu wa herufi. Katika Kiswahili, a ni a popote utakapoikuta, na mtoto akishajua herufi zake anaweza kusoma neno lolote. Kiingereza sivyo. Herufi zake ni 26, lakini sauti zake ni kama 44. Ile a ya cat si ile ya cake, wala si ile ya call. Katika knife, k inaonekana lakini haisemwi. Mtoto aliyefundishwa kusoma kila herufi anaona kwamba amedanganywa.

Basi jioni moja alisimama binti mmoja, hodari sana katika hesabu, asome habari za mtu aliyebeba mti mrefu wa bendera. Kwa Kiingereza mti wa namna ile huandikwa pole, nalo husomwa kwa sauti nyingine. Lakini binti aliona neno analolijua tangu utoto. Akasoma “pole”, kama tunavyomwambia mgonjwa. Darasa zima likaangua kicheko. Nasi tukacheka pamoja nao. Binti akaketi, akafunika uso kwa daftari. Watoto wakalirudia neno lile kwa kelele, na hata mmoja wetu hakumwambia pole.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Tukaenda kwao. Mama yake alikuwa akikamua mawese nyuma ya nyumba. Binti alitusalimu kwa adabu, kisha akatuambia kwa sauti ndogo: “Mwakani, siku ya mtihani, nitaacha karatasi tupu. Nikifaulu nitapelekwa sekondari, na kule watanicheka kila siku, katika masomo yote.”

Fikirini neno hilo, wasomaji. Mtoto mwenye akili anataka kuanguka kwa makusudi. Si kwamba hajui. Anaogopa kuchekwa.

Usiku ule hatukulala vema. Tulikumbuka utoto wetu Uvira. Shuleni kwetu, aliyeponyokwa na neno la lugha ya nyumbani alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakivaa mpaka apatikane mwingine wa kukipokea. Hata leo, tukitaka kusema Kifaransa mbele ya wakubwa, tunausikia uzito wa ubao ule. Kumbe kitu tulichokichukia hivyo, sisi wenyewe tumemvika mtoto wa wenzetu, kwa kicheko chetu!

Tulimwomba binti arudi, na alipokuja tulimwomba msamaha mbele ya darasa. Watoto walishangaa, kwa maana hawakuzoea kumwona mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Halafu tukaweka sheria mbili. Ya kwanza: hakuna kumcheka anayesoma. Ya pili: kabla ya kufungua kitabu, hadithi isimuliwe kwa Kiswahili. Mtoto akijua hadithi inakwenda wapi, maneno mageni hayamtishi tena. Tukaziacha kwanza zile habari za theluji na za miji ya mbali. Tukashuka ufukweni kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye injini za mitumbwi: start, stop, oil. Walikuwa wameyaona miaka yote bila kuyasoma. Binti yule alimsomea baba yake maneno matatu hayo, akamweleza maana yake. Mzee alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha furaha. Akasema: “Nimeyashika kila usiku, leo ndipo nimeyajua.”

Hatusemi kwamba tuliwapata wote. Mvulana yule mkubwa alikwisha kwenda kuvua dagaa usiku pamoja na kaka zake, naye hakurudi darasani. Pengine tulichelewa kwake. Jambo hilo linatuuma mpaka sasa. Na binti? Mwaka uliofuata shemeji alitupasha habari kwamba hakuacha karatasi tupu. Ameingia sekondari, na mwaka wa kwanza ni mgumu kwake, lakini anasoma.

Wazazi wapendwa, huenda ninyi hamjui Kifaransa wala Kiingereza. Msiseme kwamba hamwezi kusaidia. Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, mwulizeni mtoto: Leo umesoma nini? Akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kueleza, amesoma kweli. Asipoweza, ameimba maneno tu, na kesho amwulize mwalimu maana yake. Mpeni nafasi karibu na taa. Akitaka kuwasomea ukurasa, sikilizeni mpaka mwisho, hata kama hamwelewi neno.

Nasi walimu, tukumbuke ya kuwa lugha ngeni ni mlango mwembamba. Watoto wetu hawakatai kuingia. Wengi wamesimama mlangoni, wanatazama kama kuna anayewacheka. Siku mtoto atakapokosea mbele yako, mwambie hivi tu: Pole, mwanangu, soma tena.